Mali Bila Daftari



Katika tafakari ya juma hili ninapenda tutazame pamoja historia ya jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa kwa sauti ya chini. Baada ya matangazo ya Misa, mwenyekiti wa kamati anaposimama na kutaja mchango mpya, kuna swali ambalo haliulizwi ndani ya kanisa bali njiani, watu wakirudi makwao: zile za mwaka jana zilitumikaje? Anayeuliza hutazama kushoto na kulia kwanza. Anaogopa asionekane anamshuku padre, au anapunguza moyo wa watoaji, au anatafuta cheo. Basi huuliza na kunyamaza, na safari ijayo hutoa pungufu kidogo.

Wahenga walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Ni neno la busara. Lakini historia ya nchi yetu inatufundisha kwamba hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa daftari hilo halisomwi mbele ya wenye mali. Zipo taasisi za wema, za ushirika na za dini ambazo zilikuwa na vitabu, wahasibu na mihuri, na bado zikaanguka. Tunapenda kusema ziliuawa na wezi. Mara nyingi zilikuwa zimekwisha kudhoofika kabla ya mwizi kuonekana, tangu siku ile wanachama walipoacha kujua, na kwa kuacha kujua wakaacha kujali.

Hilo ndilo ninalotaka tulione kwa mifano, tukianzia mbali na kurejea hapa kwetu Ipagala.

Changizo la wenye njaa

Sisi wa nyanda za kati tunaijua njaa kwa majina yake. Wazee wa Kigogo waliita Mtunya ile njaa kuu ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya vita ya kwanza ya dunia kuchukua nafaka, mifugo na wanaume wa nchi hii, na mvua nazo zikakatika. Watu waliokwenda kuhemea hawakurudi wote. Katika nchi ya namna hiyo, chakula kilichokusanywa kwa ajili ya wengine si jambo la mzaha. Anayekipima hana budi kupima mahali ambapo macho ya wengi yanaona kipimo.

Kanisa la kwanza nalo lilikutana na fedha kwa njia hiyo hiyo, yaani kwa njia ya njaa. Matendo ya Mitume yanasimulia njaa iliyoikumba dunia ya wakati wa Kaisari Klaudio, na jinsi Wakristo wa Antiokia walivyotuma msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Baadaye Mtume Paulo alikusanya changizo kubwa kutoka makanisa ya Makedonia, Akaya na Galatia kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Paulo alikuwa mtume, na angeweza kusema: mniamini, nitazifikisha. Hakufanya hivyo. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya nane, anaeleza kwamba amemtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo mtu wa kumlaumu kuhusu fedha nyingi zilizo mikononi mwake. Anasema anajali yaliyo mema si mbele ya Bwana tu bali na mbele ya wanadamu.

Tuliangalie jambo hilo kwa makini. Paulo hakuwa na shaka juu ya nafsi yake. Aliweka mashahidi kwa sababu alijua kwamba uaminifu uliomo moyoni hauonekani kwa macho, na kwamba changizo likishukiwa, atakayeumia ni maskini wa Yerusalemu. Msimamizi wa pili hakuwekwa kumvizia Paulo. Aliwekwa kuilinda sadaka.

Kabla yake, katika sura ya sita ya Matendo, Mitume walikuwa wamepokea malalamiko: wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwakemea walalamikaji. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, na majina yakatajwa hadharani. Ofisi ya shemasi, tunayoiheshimu mpaka leo, ilizaliwa kutokana na lalamiko kuhusu mgawo. Anayeuliza habari za sadaka kwa nia njema ana ukoo mrefu na wa heshima katika Kanisa.

Ushirika: kilichovunjwa bila mtu kulia

Sasa tuje katika nchi yetu. Chombo kikubwa kuliko vyote ambacho wananchi wa kawaida wa Tanganyika walikijenga kwa fedha zao wenyewe, mbali na dini, ni vyama vya ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza na chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, chini ya uongozi wa Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao katika shirikisho la Victoria mwaka 1955. Ushirika huu ulisomesha watoto, ulijenga maghala, na ulikuwa shule ya uongozi kwa watu ambao serikali ya kikoloni haikuwapa nafasi nyingine.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, serikali ilitaka ushirika uenee nchi nzima na kwa haraka. Vyama vya msingi vilivyokuwa zaidi ya 800 wakati wa uhuru vilifika zaidi ya 1,500 katika miaka michache tu. Vingi havikuzaliwa na wakulima waliokubaliana, bali na agizo. Makatibu waliokuwa na ujuzi wa hesabu hawakutosha. Mkulima alileta gunia au furushi lake, akapewa fedha iliyokatwa ushuru huu na ule, na mara nyingi hakuelezwa kila kato ni la nini. Kitabu kilikuwapo ofisini. Hakikusomwa kwake.

Manung'uniko yalipozidi, Rais Nyerere aliunda tume maalumu mwaka 1966 kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Inafaa tukumbuke ilichokiona. Haikusema tu kwamba kuna wezi, ingawa wasio waaminifu walikuwapo. Ilisema kwamba wanachama hawakufahamishwa vya kutosha juu ya chama chao wenyewe; kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa haba; kwamba katika vyama vikuu demokrasia ilikuwa dhaifu; na kwamba wanasiasa walikuwa wakiingiza mikono. Ugonjwa wa kwanza katika orodha hiyo ni wa mwanachama asiyejua. Wizi ni homa inayofuata ugonjwa huo.

Baada ya taarifa hiyo serikali iliingilia kati uendeshaji wa vyama vingi. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kuongeza usimamizi kutoka juu. Mwanachama aliye chini hakuongezewa sana nafasi ya kujua na kuuliza. Na mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika kote nchini, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Wanachama hawakuulizwa. Mali ambayo baba na babu zao waliichangia kwa nusu karne ikahamia mikono mingine kwa tangazo.

Wapendwa, ninawaalika mjiulize swali hili: kwa nini hapakuwa na kilio kikubwa? Wakulima wa Kilimanjaro na wa Ziwa walikuwa watu waliowahi kusimama mbele ya mkoloni kutetea mazao yao. Mwaka 1976 wengi walinyamaza. Zipo sababu za kisiasa za wakati ule, na hatuwezi kuzidharau. Lakini ipo na hii: mtu hulia anaponyang'anywa kilicho chake, na wengi walikuwa wamekwisha kuacha kuuona ushirika kuwa ni wao. Kitabu kilichofungwa kwa miaka mingi kilikuwa kimewafundisha kwamba chama ni cha wakubwa. Kilipochukuliwa, walidhani ni wakubwa walionyang'anyana.

Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka huo huo likaundwa shirika la kukagua hesabu za vyama hivyo, COASCO, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyotokana na sheria ya mwaka 2013, nayo iko hapa. Ni jambo jema. Lakini vijiji vingi havikurudisha imani ile ya kwanza mpaka leo. Sheria hurudisha chama kwa siku moja. Imani huchukua kizazi.

Mshahara wa mkubwa

Hesabu za taasisi zina ukurasa mmoja ambao ni mzito kuliko kurasa zote: ukurasa wa nani analipwa nini. Tunaweza kutangaza bei ya saruji na mabati bila aibu, lakini tukifika kwenye posho ya kiongozi tunashusha sauti. Hapa pia nchi yetu ina historia ya kujivunia na ya kusikitisha kwa pamoja.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka wahitimu wakatwe sehemu kubwa ya mapato yao katika kipindi cha utumishi. Katika malalamiko yao waliwanyoshea kidole viongozi wenyewe na maisha yao ya anasa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani wanafunzi karibu 400. Lakini hakulipuuza neno lao lililokuwa na ukweli. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya viongozi wa juu ikapunguzwa pia.

Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa, likiwa na masharti ya viongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya siasa ya uchumi ya Azimio lile. Ila jambo moja halina ubishi: mwananchi wa kawaida, hata asiyejua kusoma, alikuwa na kipimo mkononi. Aliweza kuitazama nyumba ya kiongozi wake na kuuliza. Masharti yalitangazwa redioni, yakafundishwa shuleni, yakaimbwa kwenye maandamano. Nguvu yake ilikuwa katika kujulikana kwake.

Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya chama tawala, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti hayo. Azimio la Arusha lilikuja kwa ngoma na matembezi ya miguu. La Zanzibar halikupewa tangazo la namna hiyo, na wananchi wengi walilisikia kwa kuchelewa. Mwaka 1995 ilitungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi watoe tamko la mali na madeni yao kila mwaka. Tamko hilo hupelekwa kwenye Sekretarieti ya Maadili, na mwananchi anayetaka kuona rejista hana budi kutimiza masharti kadhaa kwanza. Tulihama kutoka kwenye kipimo alichokishika kila mtu hadi kwenye jalada lililofungiwa kabatini. Mali inaandikwa, ndiyo. Daftari lipo. Lakini haliwasemeshi wenye nchi.

Ndiyo sababu Rais John Magufuli alipotamka hadharani Oktoba 2017 kwamba mshahara wake ni shilingi milioni 9 kwa mwezi, wengi walishangaa. Halikuwa suala la kiasi kuwa kikubwa au kidogo. Walikuwa hawajazoea kusikia jambo hilo likitajwa.

Na tusidhani haya ni ya serikali peke yake. Papa Fransisko, kwa barua ya mwaka 2014, aliunda Sekretarieti ya Uchumi ili kuzisimamia fedha za Vatikano. Machi 2021 aliamuru posho za makardinali zipunguzwe kwa asilimia 10, na Aprili mwaka huo akawataka wakuu wa ofisi za Vatikano watie sahihi tamko kwamba hawana hatia za jinai wala fedha walizozificha katika nchi za kukwepea kodi, tena wasipokee zawadi inayozidi thamani ya euro 40. Mpaka huo wa euro 40 ni mdogo sana, na umefanywa mdogo kwa makusudi. Kwa aliyebeba dhamana ya wengi, zawadi nono ina mkia mrefu.

Fedha ya wema katika akaunti ya mtu

Neno hilo kuhusu zawadi linatuleta kwenye mfano mchungu, ambao ulisomwa hapa Dodoma, na ambao unaligusa Kanisa letu. Mwishoni mwa Novemba 2014, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilisoma taarifa yake kuhusu akaunti ya Tegeta Escrow, iliyokuwa Benki Kuu kutokana na mgogoro kati ya TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL. Zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimetoka katika akaunti hiyo. Mfanyabiashara mmoja aliyeuza hisa zake katika kampuni hiyo alikuwa amewagawia watu mbalimbali fedha, na majina yao yakasomwa Bungeni. Miongoni mwao walikuwamo maaskofu wasaidizi wawili na padre mmoja wa Kanisa Katoliki.

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Hakuna mahakama iliyowatia hatiani viongozi hao wa dini. Maelezo yaliyotolewa hadharani ni kwamba ilikuwa sadaka ya mtu aliyezoea kulisaidia Kanisa. Kesi iliyofunguliwa dhidi ya mfanyabiashara mwenyewe mwaka 2017 ilifutwa mwaka 2021. Sisi hatukai hapa kuhukumu dhamiri ya mtu.

Katika orodha hiyo hiyo alikuwamo aliyekuwa Waziri wa Ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, aliyepokea shilingi bilioni 1.6 katika akaunti yake. Alieleza kwamba fedha zile zilikuwa mchango kwa ajili ya shule ya wasichana inayoendeshwa na taasisi ya hisani aliyoianzisha. Elimu ya wasichana ni kazi tukufu, na shule yenyewe ipo. Lakini swali la wananchi lilikuwa jepesi: kama fedha ni ya shule, kwa nini haikuingia katika akaunti ya shule? Desemba 2014 Rais Kikwete alitengua uteuzi wake.

Tazameni, wapendwa, jinsi swali hilo dogo lilivyotosha. Fedha ya wema ikipita katika akaunti ya mtu binafsi, hata akiwa na nia njema kuliko watu wote, hugeuka kuwa kitu kisichoweza kujitetea. Nia njema haina stakabadhi. Siku ya lawama, mwema na mwovu husimama mahali pamoja na kusema maneno yale yale: niliipokea kwa ajili ya kazi ya watu. Kinachowatofautisha ni karatasi zilizoandikwa kabla ya lawama kuja, na watu waliozisoma. Usiri humkosesha mtu mwema ushahidi wake.

Na gharama haikuishia kwa waliotajwa. Waamini wengi walifedheheka. Padre wa kijijini ambaye hakuwahi kuiona hata shilingi moja ya fedha zile aliulizwa maswali sokoni. Deni la uwazi, likikosa kulipwa na mmoja, hudaiwa kwa wote.

Sheria ya nchi na sheria ya Kanisa

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka kila shirika liandae kila mwaka taarifa ya kazi zake, ipatikane kwa umma, pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 ziliongeza kwamba shirika likipata fedha inayozidi shilingi milioni 20, litangaze kiasi hicho na matumizi yake katika magazeti na vyombo vingine vya habari. Mashirika mengi yalilalamika kwamba masharti ni mazito, hasa kwa madogo, na hofu yao si ya bure: uwazi unaodaiwa na mwenye nguvu unaweza kugeuka fimbo. Ukaguzi unaotazama juu tu, kwa msajili na kwa mfadhili, ndio ule ule uliofuata taarifa ya mwaka 1966. Uwazi unaoponya hutazama chini, kwa yule aliyechangia na yule anayehudumiwa.

Marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2019 yaliweka wazi kwamba taasisi za dini hazihesabiwi kuwa mashirika ya namna hiyo. Je, sisi tumesalimika? La. Sisi tuna sheria yetu, na katika jambo hili inatubana zaidi. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 537, unataka kila parokia iwe na baraza la fedha ambamo waamini humsaidia paroko. Kanuni ya 1267 inasema kwamba sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu itumike kwa kusudi hilo tu: kilichochangwa kwa ajili ya paa hakijengi uzio. Kanuni ya 1284 inadai vitabu vya mapato na matumizi vitunzwe vizuri na taarifa iandaliwe kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 1286 inadai wale wanaofanya kazi kwetu walipwe ujira wa haki, na hapa nafikiri juu ya makatekista, walinzi na wapishi wetu. Na kanuni ya 1287 inasema wasimamizi wa mali watoe hesabu kwa waamini juu ya mali ambayo waamini hao wameitolea Kanisa, kwa namna itakayopangwa na sheria mahalia.

Hesabu kwa waamini, ndugu zangu. Haisemi kwa askofu peke yake, wala kwa mfadhili wa Ulaya. Haisemi watoe wakiombwa, wala watoe wakishukiwa. Ni wajibu, si hisani ya paroko mkarimu.

Na sisi hapa Ipagala

Kanisa la Dodoma lilianza kama Prefektura mwaka 1935, likawa Jimbo mwaka 1953, na Jimbo Kuu mwaka 2014. Kwa miaka mingi fedha nyingi zilitoka ng'ambo, kwa wamisionari, na hesabu zilirudi ng'ambo. Muumini wa Kigogo alipokea. Hakuulizwa wala hakuuliza. Leo mambo yamegeuka. Ipagala si mashamba tena. Ni kata ya jiji lililokua kwa kasi tangu serikali ilipohamia huku kwa dhati. Makanisa, shule na nyumba za mapadre zinajengwa kwa bahasha za waamini wenyewe: mama wa genge, dereva wa bodaboda, mtumishi wa wizara, mkulima wa zabibu. Mtoaji amekuwa ni yule yule anayeketi kwenye benchi. Basi na hesabu ije kwenye benchi.

Inatakiwa iwe nini? Si lazima iwe kitabu kinene ambacho mhasibu tu anakielewa. Hesabu isiyoeleweka ni namna nyingine ya kufunga kitabu. Iwe karatasi moja, kwa Kiswahili, kila robo ya mwaka, isomwe katika Misa zote, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, ipelekwe katika kila jumuiya ndogo ndogo na kila kigango. Ijibu maswali manne. Tulipokea kiasi gani na kwa kusudi gani? Tulitumia kiasi gani na nani aliidhinisha? Nani analipwa nini kutokana na mali hii, kuanzia paroko hadi mlinzi? Na tunadaiwa nini? Kisha watu wapewe nafasi ya kuuliza, na muulizaji ajibiwe kwa adabu, kwa karatasi, bila kutajwa kuwa mchochezi.

Nalo hili liwafikie wote walio na dhamana: wenyeviti wa jumuiya, viongozi wa vyama vya kitume, wa SACCOS, wa vikundi vya kuzikana na vya kusaidiana. Msikubali fedha ya kundi ilale katika simu ya mtu mmoja. Si kwa sababu ni mwizi. Ni kwa sababu ni ndugu yetu, na tunampenda, na hatutaki siku moja asimame peke yake akisema niaminini, bila kuwa na karatasi ya kumtetea.

Kwa upande wenu, wapendwa waamini, haki ya kujua ina wajibu wake. Hesabu ikisomwa, msikilize. Mkutano ukiitwa, njoo. Wanachama wa ushirika hawakufungiwa kitabu kwa siku moja. Wengine walichoka kukisoma kabla hakijafungwa. Anayeuliza aulize kwa ukweli, si kwa fitina, na akijibiwa aridhike na ukweli.

Mtume Paulo alijali yaliyo mema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Mbele ya Bwana, kitabu chetu kiko wazi tayari, tupende tusipende. Kilichobaki ni mbele ya watu. Kamati ya fedha na iketi juma hili, na karatasi ya robo hii isomwe.

Tumsifu Yesu Kristo, milele na milele. Amina.